Pamba ya Marashi Sikioni

Kwetu Koboko mtu hajavaa mpaka anukie. Unaweza kuwa na gauni jipya, hina mpaka kwenye kiwiko na viatu ambavyo bado vina karatasi ndani, lakini kama hunukii, mama mkwe wangu atakutazama kama mtu aliyesahau sketi nyumbani. Ana kisanduku cha bati chenye vichupa vya marashi vilivyopitia Juba. Sherehe ikija anakifungua, anachovya kipande cha pamba na kukipachika kwenye mkunjo wa juu wa sikio lako. Hapo sasa umevaa. Babu zetu walikuja huku na jeshi kutoka Sudani. Bunduki zilirudishwa zamani, marashi yakabaki.

Natanguliza hayo ili mtu asije akamhukumu bibi wa watu kabla ya kujua alikotoka.

Mimi naishi Arua na nauza vitenge sokoni. Kazi yenyewe ni kukataa. Mwenye mzigo wa Kongo akitaja bei, nakataa. Mteja akitaja yake, nakataa pia, na katikati ya kukataa huku na kule ndimo watoto wanamosomea. Chochote kinachopita mkononi mwangu nakihesabu mara mbili, hata watoto wenyewe, maana hesabu ya kwanza ya jioni kila mara hunipa mtoto wa jirani.

Wa mwisho ni msichana. Mwaka huo alikuwa anamaliza nasari, na sare ya darasa la kwanza nilikwisha kuinunua kwa kuikatalia sana. Likizo ikafika, tukaenda Koboko kwa bibi yake, ambaye kwa lugha yetu ya Kinubi tunamwita haboba.

Ilianza na mafua ya kawaida, yale ambayo pua inatiririka na mtoto anaendelea kucheza. Baada ya siku chache pua ikakauka, homa ikapanda. Akawa anashika sikio la kushoto na kulivuta, hataki chakula, na ukimlaza chali analia zaidi kuliko ukimpakata. Haboba alimtazama mara moja akatoa hukumu.

"Meno."

"Haboba, meno yote anayo. Nimehesabu."

"Ya nyuma hukuhesabu."

Nikahesabu tena, na ya nyuma. Yalikuwepo. Haboba akasema basi ni upepo, akapasha mafuta ya simsim na kitunguu, akadondosha sikioni. Mtoto akalia tangu adhuhuri mpaka majirani wakaja kuuliza tunamchinja nani.

Alasiri kukawa kimya ghafla. Nikaenda kutazama, nikamkuta ameketi, shavu limelowa maji ya manjano yenye uzi wa damu, na leso aliyolalia imelowa pia. Hakuwa analia. Alitaka chai na mandazi.

"Imetoka!" haboba akapiga kigelegele kidogo, kile cha ndani ya nyumba. "Uchafu imetoka, ugonjwa kwisha. Si niliwaambia? Simsim hiyo!"

Na mimi, niseme nini, nilifurahi. Mtoto aliyekuwa analia sasa anakula, homa inashuka. Nani atakaa aulize maswali? Huko kwetu wote tunajua hivyo: sikio likitoa maji, ugonjwa umepata mlango wa kutokea. Hatukujua kwamba mlango wenyewe ni kitu kilichochanika. Kumbe usaha ulikuwa umejaa nyuma ya ngoma ya sikio, ukasukuma mpaka ngoma ikatoboka. Maumivu yalipungua kwa sababu ile ile ambayo gunia halikazi tena likishapasuka.

Sikio halikuacha kutoa. Leo limekauka, kesho linatiririka, na likaanza kunuka. Na ndipo harusi ikafika, harusi kubwa ya binti wa mtaa wa pili, na haboba akamnusa mjukuu wake, akafungua kisanduku cha bati. Safari hii pamba haikukaa kwenye mkunjo wa sikio. Aliisokota, akaichovya kwenye marashi ya sandali, akaishindilia tunduni kabisa, mahali harufu inapotokea.

Niseme ukweli: mtoto alinukia vizuri kuliko bi harusi. Watu walimbeba mmoja baada ya mwingine wakimnusa shingo. Yeye mwenyewe aliipenda kazi hiyo kiasi kwamba tuliporudi Arua, na haboba ametupatia kichupa cha kuondokea, kila asubuhi alichukua pamba yake akajipamba kabla ya shule. Ya jana ilikwenda wapi, hatukuuliza. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, pamba sikuihesabu hata mara moja.

Kisha mwalimu wake akaniita. Ni mwanamke mpole, anaongea taratibu kama mtu anayemimina maziwa.

"Mama, huyu mtoto amekuwa na kichwa kigumu. Namwita, hageuki. Nawaambia watoto waimbe, yeye anachora. Hapo nyuma hakuwa hivi. Naona abaki nasari mwaka mwingine, akomae."

"Mwaka mzima? Mwalimu, punguza. Tuseme muhula mmoja."

"Mama, hapa si sokoni."

"Basi mpe mpaka muhula uishe, nizungumze naye."

Alifikiri, akakubali mpaka muhula uishe. Nikatoka nimeshinda, lakini ni ushindi wa kusogeza tarehe, na kila mfanyabiashara anajua ushindi huo unaliwa na nini. Jioni nilimkalisha mtoto nikamgombeza. Akanitazama mdomo kwa makini sana, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nilidhani ni adabu.

Sasa sikio langu mimi. Wanawake wa sokoni tuna unyoya. Ni unyoya wa kuku, ule mgumu wa bawa, unauchomeka kwenye kilemba, na wateja wakipungua unauchomoa, unauingiza sikioni, unazungusha. Jicho linafumba lenyewe. Dunia haina raha ya bei rahisi kuliko hiyo, na mimi raha za bei rahisi sizipiti. Wiki hizo sikio langu la kulia lilikuwa linawasha, nikazungusha unyoya, likawasha zaidi, nikazungusha zaidi. Likavimba kwa ndani, likaziba, na hata kuvuta kilemba juu yake ikawa maumivu. Nikaanza kuwapa wateja sikio la kushoto.

Mteja mmoja, mtu wa Oraba anayenunua vitenge vya kuvusha mpaka, akaniona nimepinda shingo namsikiliza bei yake, akacheka mpaka akakaa juu ya mzigo.

"Mama, leo wewe iko kama kuku inasikiliza mwewe!"

"Bei yako ndiyo mwewe," nikamwambia. "Ongeza, nitanyoosha shingo."

Akaongeza kidogo. Na bado anacheka, akanyoosha kidole nyuma yangu. "Na mutoto pia! Angalia kifaranga yako!"

Nikageuka. Binti yangu alikuwa ameketi juu ya bunda la vitenge, akimsikiliza mtoto wa meza ya jirani anamsimulia jambo. Alikuwa amepinda shingo vilevile kama mimi, ila kwa upande mwingine. Alimpa mwenzake sikio la kulia lote, na macho yake yamegandia mdomo wa yule mtoto.

Nilijua mimi kwa nini nimepinda. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini yeye amepinda.

Nikapita nyuma yake, upande wa kushoto, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena. Hakugeuka. Nikahamia kulia, nikasema polepole neno "mandazi." Akageuka kabla sijalimaliza. Mteja wa Oraba aliacha kucheka. Nilimuuzia vitenge vyake kwa bei aliyotaka, nikafunga meza.

Koboko kuna kliniki ambayo watu wa kwetu huisifia kwa masikio. Klinikal ofisa wake, yaani tabibu, ni msichana mrefu mwenye miwani, anayetembea kama amechelewa takisi. Haboba alisema lazima aje. Alikuja na kisanduku cha bati mkobani, nadhani kwa kuwalinda wagonjwa wasije wakanuka dawa.

Ofisa alisikiliza mambo yote tangu mafua. Akamshika mtoto nyuma ya sikio, akabonyeza ule mfupa. "Hapa inauma?" Mtoto akasema hapana. Akamtazama uso kama umepinda popote, akamwambia atabasamu, akamtembeza mpaka dirishani na kurudi.

"Unatafuta nini?" nikauliza.

"Vitu nisivyotaka kuona. Nyuma ya sikio ikivimba na kuuma, au uso ukalegea upande mmoja, au mtoto akaanza kuyumba, au shingo ikakaza na homa kali, hapo mimi si wa kusubiriwa. Hiyo ni hospitali kubwa, siku hiyo hiyo. Huyu hana. Sasa tuone ndani."

Akawasha taa yake ndogo, akachungulia. Akachukua koleo jembamba.

"Mtoto, kaa kama sanamu."

Akavuta kipande cha pamba, cheusi kwa mbele. Akakiweka kwenye kibakuli. Akachungulia tena, akavuta kingine. Na kingine. Mimi nikaanza kuhesabu kwa mdomo bila sauti. Chumba kikajaa harufu mbili zisizopaswa kukutana, usaha na sandali, na nyuma ya pazia, kwenye benchi la foleni, mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Harusi iko wapi?"

"Nani aliweka hizi?" ofisa akauliza.

Haboba akatazama dari. Mtoto, ambaye hakuwa amesikia swali, akaona vile vipande kibakulini na kusema kwa fahari, "Zangu!"

"Haboba," ofisa akasema, na alisema kwa heshima, "harufu ilikuwa inakuita. Umeiziba mdomo."

"Mwali wangu, angeenda harusini ananuka?"

"Angekuja hapa ananuka, kisha angeenda harusini."

Haboba akakisukuma kisanduku chake ndani kabisa ya mkoba. Hilo ni jambo ambalo nimelishuhudia mara chache.

Alipomaliza kukausha, ofisa akasimama nyuma ya mtoto. Akaniambia niliminye sikio la kulia kwa kidole, na yeye akanong'ona upande wa kushoto: "Kuku. Chungwa. Baiskeli." Alikuwa amemwambia mtoto arudie kila anachosikia. Mtoto akangoja kwa adabu. Aliendelea kungoja. Akanitazama mdomo, na mdomo wangu haukuwa na kitu cha kumpa.

Upande wa kulia alirudia yote matatu, akaongeza na rangi ya baiskeli.

"Ngoma ya kushoto ina tundu," ofisa akasema. "Si kichwa kigumu. Mtoto huyu nusu ya darasa haimfikii."

"Litaziba?"

"Mara nyingi linaziba lenyewe, sikio likikauka na kukaa kavu. Likiendelea kutoa usaha, halizibi, na kusikia kunazidi kupungua. Kuahidi siwezi."

"Ahidi tu kwanza, halafu nitakupunguzia."

Alicheka, lakini hakuahidi. Nimeongea bei na watu wa Kongo, wa Sudan Kusini na wa mamlaka ya kodi. Yule msichana ndiye pekee ambaye sikupata pa kumshika.

Akatuonyesha kazi. Unachukua kitambaa laini cha pamba, safi, kinachonyonya; unasokota ncha yake iwe kama utambi wa taa. Unaiingiza taratibu, unaiacha mpaka ilowe, unaitoa, unaitupa. Nyingine. Unarudia mpaka itoke kavu. Hapo ndipo unatia matone aliyotuandikia, mtoto amelala ubavu, na unabonyezabonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa iteremke. Mara kadhaa kwa siku, kwa wiki mbili, hata kama harufu itaisha katikati.

"Matone ni haya niliyoandika," akasema. "Siyo ya jirani, siyo yaliyobaki ya mwaka jana. Dawa nyingine zikipita kwenye tundu zinaua kusikia kwenyewe."

"Na kama tungekuja siku ile aliyokuwa analia, na homa?" nikauliza.

"Ningempa dawa ya maumivu, ningempima, pengine dawa ya kunywa ya kuua vijidudu, na mngeimaliza yote. Pengine tusingeonana leo."

"Na simsim?" haboba akapata sauti. "Kidogo tu?"

"Hapana, haboba."

"Ya moto?"

"Simsim ni ya sufuria. Sikio lenye tundu haliingizwi mafuta, wala kitunguu, wala maziwa, wala maji. Akiogeshwa, weka pamba yenye Vaselini kwenye mlango wa sikio, kisha uitoe."

Haboba akainua kidole juu kama wakili. "Kwa hivyo pamba iko ruhusa!"

"Ya kuogea. Na inatoka. Mama huyu anahesabu, nimemwona. Moja imeingia, moja imetoka."

Nilikuwa nainuka nikaage, akanizuia. "Na wewe, mbona umepinda?"

Nikamwambia si kitu. Akanivuta ndewe ya sikio la kulia, nikaruka mpaka mzee wa foleni akasema pole.

"La mtoto lilianza kwa ndani, nyuma ya ngoma, mafua ndiyo yaliyoupeleka ugonjwa huko. Ukivuta ndewe yake halii. Lako ni la nje, ngozi ya njia yenyewe imechubuka, vijidudu vikaingia. Ndiyo maana kuvuta kunauma. Unachokonolea nini?"

Haboba, mkwe wangu mpendwa, akanyoosha mkono, akachomoa unyoya kwenye kilemba changu, akauweka mezani mbele ya ofisa. Sijapata kuona mtu aliyefurahi hivyo tangu ile harusi.

"Kuku huyu alikuwa anakanyaga wapi kabla ya kuingia sikioni mwako?" ofisa akauliza. Akautupa kwenye ndoo.

"Basi na mimi nitumie matone ya mtoto," nikasema. "Chupa moja, masikio mawili. Ameumwa moja, nimeumwa moja."

"Yako ni mengine. Na hata yangekuwa sawa, chupa hailambi masikio ya watu wawili."

Nikalipa mbili. Sikuhesabu tena.

Vitambaa vya utambi vilileta mjadala. Nilitoa vipande vya vitenge vipya, ninavyo tele, lakini kitenge kipya hakinywi maji. Wateja nawaambia hiyo ni sifa. Haboba akaingia chumbani akatoka na shuka yake nyeupe ya zamani, laini kama mkate, ile aliyokuwa akijifunika kusalia. Aliikata vipande, akavifua kwa sabuni, akavianika juani, akavipiga pasi. Kisha akafunga mkoba akahamia kwetu Arua kwa wiki hizo mbili. Hakutaka mtu mwingine aguse utambi.

Nilikuwa nawakuta asubuhi, mtoto amelaza kichwa pajani mwa bibi yake, haboba anasokota na kunusa kila utambi unaotoka kama anavyonusa marashi kabla ya kununua. Siku za mwanzo alikunja pua. Kisha akakunja kidogo. Kisha siku moja akanusa, akanusa tena, akanipa na mimi ninuse. Ulikuwa unanuka sabuni. Tukaendelea mpaka wiki mbili zikatimia, kwa sababu msichana wa miwani alisema hata kama.

Kwa mwalimu nilirudi na karatasi ya kliniki. Akaisoma, akamhamishia mtoto dawati la mbele, kona ya kushoto, ili darasa lote liwe upande wa sikio zima. "Lakini muhula ukiisha nitampima kama wengine," akasema kwa sauti ile ya maziwa. Sikumwomba apunguze.

Sikio lilibaki kavu. Kama anasikia, hapo hatukujua. Kila nilipojaribu kumnong'oneza kushoto aligeuka haraka akanipa la kulia, kwa mazoea, na mazoea hayana kipimo. Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwa imekaribia, na mwisho wa muhula nyuma yake.

Ikawa siku ya wateja wengi. Mama mmoja wa Omugo alikuja kununua vitenge vya sare kwa shughuli ya familia, mzigo mzuri, na alikuwa mkataaji wa daraja langu. Tulipofika mahali ambapo kila mmoja anasubiri mwenzake achoke, akajitia kutazama meza nyingine. Nikamwinamia jirani yangu wa meza, nikamnong'oneza kwa chini kabisa, kwa ile sauti yetu ya biashara ambayo hata nzi haisikii:

"Akishikilia, namwachia kwa bei ya jana. Lakini kitambaa cha kichwa cha bure, hapana."

Binti yangu alikuwa juu ya bunda lake, anachora, hatutazami. Hakugeuka, wala hakuinua kichwa kutoka kwenye mchoro.

"Mama!" akamwita mteja kwa sauti ya kutangaza. "Shikilia tu, atakuachia kwa bei ya jana! Lakini kitambaa cha kichwa hapana."

Soko lilicheka mpaka meza za nyanya. Mama wa Omugo alirudi mbio, tayari ameshika pochi. "Mutoto hii iko na akili! Bei ya jana, nimesikia, wote wamesikia!"

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Nilikuwa naangalia alivyokaa. Ukuta ulikuwa kulia kwake, amelibana sikio lile dhidi yake. Upande uliotuelekea sisi ulikuwa wa kushoto.

Nikarudia, maana mara moja si hesabu. Sikumsogelea. Nilifunika mdomo kwa leso asije akausoma, nikanong'ona nilipokuwa, chini kuliko mara ya kwanza: "Baiskeli."

"Baiskeli ya nani?" akasema, bado anachora, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa kazini.

Mama wa Omugo alikuwa ananihesabia pesa na kudai kitambaa cha kichwa hata hivyo, akisema kunong'ona kwangu lazima kulipiwe faini. Nikavuta kitambaa, kile kizuri chenye maua ya machungwa, nikamkunjia bila kukataa. Jirani yangu wa meza akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.